Mbwa Aliyekaribisha Wageni Siku ya Theluji

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa nyumba yenye moto!

Pakawa tusogee!

Sogeeni basi, ila msinibane. Na wewe wa nyuma uliyeanza kucheka kabla sijafika popote, ujue kwamba hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho haya mawili. Nilikuwa darini, juu ya magunia ya ulezi, nimelala kifudifudi, na kila neno nililisikia. Nilifikaje kwenye dari la watu? Hilo ni swali la polisi, si swali la ngano.

Zamani, zamani za kale, babu yangu hajaota hata jino la kwanza na mimi nipo, palikuwa na mlima mrefu wenye baridi. Mgongoni mwa mlima palikuwa na nyumba moja ya udongo, paa la nyasi. Ndani yake waliishi Baba Tumpe, Mama Tumpe, Bibi mzaa baba, na binti yao mdogo, Tumpe mwenyewe.

Walikuwa na wanyama watatu, na wanyama wa nyumba ile walipewa majina ya kuwajibu majirani. Majirani waliponong'ona kwamba mbwa wa Baba Tumpe anakula vizuri kuliko watoto wa watu, mbwa akaitwa Watasema. Majirani walipouliza nani kaiba nyama jikoni kwao, paka akaitwa Sinahabari. Majirani walipodai kwamba mbuzi yule hakununuliwa wala hakuzaliwa pale, mbuzi akaitwa Tulipewa.

Paka alilala ndani. Mbuzi alilala zizini. Mbwa alilala nje, barazani.

Watasema alizaliwa nje na akakulia nje. Mlango wa nyumba ile aliujua kwa upande mmoja tu. Kila siku aliwaona watu wakija, wakisimama, wakisema, "Hodi!" Na sauti ya ndani ikajibu, "Karibu!" Akaelewa mwenyewe, bila kufundishwa, kwamba hodi ni neno la walio nje na karibu ni neno la walio ndani. Akalipenda lile la ndani. Siku nyingine alikwenda nyuma ya ghala, akatazama huku, akatazama huku, akalijaribu polepole.

"Ka-ri-bu."

Halafu akaona haya, akajikuna sikio ambalo halikuwa likimwasha.

Basi siku moja asubuhi mlima ukanyamaza. Ndege wakanyamaza. Mbingu ikashuka, ikakaa juu ya paa. Kikaanguka kitu cheupe, kimoja. Kikaanguka cha pili. Kikaanguka cha tatu. Halafu vikaanguka vyote.

Bibi akachungulia mlangoni. "Theluji!" akasema. "Niliiona nikiwa mwari, sikuiona tena. Haya, leo hakuna shamba. Hakuna kuni. Hakuna kisima. Leo ni kukaa ndani."

Mbuzi akaletwa ndani, analalamika kwamba hakumaliza majani yake. Mlango ukafungwa. Watasema akabaki barazani, theluji inamwangukia kichwani na hajui aipigie kelele au ainyamazie.

Tumpe akachungulia kwenye ufa. "Baba! Watasema kazeeka ghafla! Nyusi zote nyeupe!"

Baba Tumpe akaja, akamtazama mbwa. Mbwa akamtazama Baba Tumpe.

"Ingia," akasema Baba Tumpe. "Lakini ni kwa ajili ya theluji tu, usije ukazoea. Ukileta fujo, unarudi ulikotoka."

Watasema akaweka mguu mmoja ndani, akangoja apigwe. Hakupigwa. Akaweka wa pili. Hakupigwa. Akaingia mzima.

Alipewa vitu vitatu. Alipewa gunia la kulalia. Alipewa bakuli la uji wa ulezi. Alipewa nafasi, kati ya mbuzi na moto.

Na ndani palikuwa pazuri, wenzangu, nisiwafiche. Chungu cha njegere kilikuwa jikoni kikisema peke yake. Viazi vilikuwa vimezikwa majivuni. Bibi alijifunika blanketi, amebaki pua. Baba Tumpe alikuwa akichonga mwiko aliouanza miaka mitatu iliyopita, na Mama Tumpe alikuwa akimuuliza kama ule mwiko ni wa nyumba hii au ni wa wajukuu. Tumpe alikuwa akimsuka mbuzi ndevu. Paka alikuwa amelala, na kwa paka hiyo ndiyo kazi. Upepo ulipiga ukuta, theluji ikapiga paa, na kadiri nje palivyozidi ubaya ndivyo ndani palivyozidi utamu.

Watasema akalaza kidevu juu ya gunia. Akafikiri: nisipofanya kosa, nitakaa hapa mpaka theluji iishe. Na Mungu akipenda, isiishe.

Mara mlangoni sauti nyembamba:

"Hodi! Hodi wenye moto!"

Mama Tumpe akafungua mdomo ajibu. Hakuwahi.

"Karibu!"

Nani kasema? Semeni nyinyi.

Mbwa!

Nyumba nzima ikamgeukia. Hata paka alifungua jicho moja.

"Nani kasema?" akauliza Baba Tumpe.

"Limenitoka, mzee," akasema Watasema.

"Limekutoka likaenda wapi?"

"Nje."

"Basi limeshafika," akasema Bibi ndani ya blanketi. "Hatuwezi kulifuata kwenye theluji. Mfungulieni huyo mgeni. Lakini sisi tulilelewa hivi: anayesema karibu ndiye anayetoa kiti. Asikaribishe mtu kwenye kiti cha mwenzake."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Pimbi, mdogo, amelowa, anatetemeka kama jani. "Shimo langu limejaa theluji," akasema. "Nikikaa kule nakufa."

Watasema akatoa gunia. Pimbi akajikunja juu yake.

"Asante, mwenye nyumba," akasema Pimbi. "Gunia lako lina joto."

"Najua," akasema Watasema.

Akalala kwenye udongo mtupu. Udongo ulikuwa baridi. Akaapa kwamba halisemi tena. Lakini kuna kitu kilikuwa kikimtekenya ndani ya kifua. Mwenye nyumba! Kaitwa yeye, mwenye nyumba!

Punde mlangoni sauti ya kukwaruza:

"Hodi! Hodi wenye moto! Hodi wenye watu!"

Watasema akauma midomo. Akaweka mguu juu ya pua. Akakaza meno.

"Karibu!"

"Wewe mbwa!" akasema Mama Tumpe. "Una nini leo?"

"Mama Tumpe, ni mdomo."

"Mdomo wa nani?"

"Wangu," akasema Watasema, maana hakuwa na mwingine wa kumsingizia.

Akaingia Nungunungu, kila mwiba una kofia ya theluji. "Jamani, sijala tangu jana," akasema. "Kila mzizi nikiuchimba umeganda, jino linateleza."

Watasema akatoa bakuli. Nungunungu akanywa uji wote, akalamba bakuli, akalamba na chini ya bakuli. Kisha akatafuta pa kukaa. Baba Tumpe akasogea. Mama Tumpe akasogea. Pimbi akasogea na gunia lake.

"Wewe mjomba, usije ukakaa kwenye blanketi langu," akasema Bibi. "Nina mwili wa kizee, hautaki matundu."

Tumpe akacheka mpaka akakohoa. Lakini Baba Tumpe hakucheka. Akamnyooshea mbwa ule mwiko usiokwisha.

"Watasema. Umebakiwa na nini?"

"Na nafasi, mzee. Hii hapa, kati ya mbuzi na moto."

"Sasa nisikilize. Ukimkaribisha wa tatu, utakwenda kumkaribishia huko huko nje. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia kwa masikio, au umesikia kwa mdomo?"

"Kwa vyote, mzee."

Ilikuwa saa tisa mchana, lakini kwa lile wingu ungedhani ni magharibi. Viazi vilikuwa vimeiva. Mama Tumpe alikuwa akivifukua kimoja kimoja, akivipuliza majivu, akivigawa. Ndipo mlangoni ikaja sauti nzito, laini, ya mtu aliyezoea kuomba.

"Hodi. Hodi wenye moto. Hodi wenye watu. Hodi wenye mbuzi."

Tulipewa akaacha kutafuna.

"Fisi," akanong'ona.

Baba Tumpe akaweka kidole mdomoni. Kila mtu alijua utaratibu. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa, huondoka. Kwa hiyo dawa ilikuwa kunyamaza.

"Hodi," akasema Fisi mara ya pili.

Kimya. Watasema aliubana mdomo mpaka macho yakatoa machozi.

Fisi akangoja. Alikuwa na njaa ya siku nne, na njaa ya siku nne inafundisha. Akanusa chini ya mlango, akajua nani yuko ndani na kakaa wapi. Halafu akasema, taratibu, kwa adabu kubwa:

"Hodi kwa Watasema. Mwenye nyumba yupo?"

Jamani. Tangu azaliwe hakuna aliyempigia hodi yeye.

"Karibu!" akasema Watasema.

Sitaki niwaeleze nyuso za watu mle ndani. Tulipewa alisema, "Watasema, umenimaliza kwa neno moja." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Baba Tumpe akaondoa gogo la mlango, akaufungua kiasi cha mbwa mmoja, akamsukuma mbwa nje, akaufunga.

"Mgeni wako huyo!" akasema kutoka ndani. "Mlango hauguswi mpaka mwenyeji aseme!"

Nje theluji ilifika magotini. Fisi alikuwa amesimama katikati yake, mkubwa, mbavu zinahesabika, meno hayahitaji kuhesabiwa.

"Nimekaribishwa," akasema Fisi. "Nasikia hapa anayekaribisha hutoa kiti. Kiti chako kiko pembeni ya mbuzi. Sema neno, wafungue."

Watasema akapima. Akiruka, ataumwa mara moja tu na hiyo itatosha. Akikimbia, atakimbilia wapi? Akisema neno, mbuzi amekwisha. Akajiuliza: watu wa ndani hufanya nini baada ya karibu? Alikuwa amewasikiliza miaka yote kupitia ule mlango. Akakumbuka. Baada ya karibu huja habari.

"Karibu sana, mzee wangu," akasema. "Lakini hatuingii nyumba za watu kama ng'ombe waingiao zizini. Salamu kwanza. Habari za huko utokako?"

Sasa Fisi ni mwizi, ni mlafi, hilo tunajua. Lakini alilelewa. Mama yake alimfundisha kama wa kwenu alivyowafundisha: ukiulizwa habari, hata kama nyumba inaungua, unajibu nini?

Nzuri!

"Nzuri," akasema Fisi.

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo kabisa."

"Za pango?"

"Salama." Na pango lilikuwa limeporomoka nusu.

Theluji ikaongezeka. Watasema akapiga miguu chini polepole ili isigande, akaendelea. Hakuacha kitu. Akaulizia wakwe. Akaulizia shingo ya shangazi yake Fisi, iliyowahi kuteguka. Akaulizia wa bonde la kushoto, akaulizia wa bonde la kulia. Meno ya Fisi yakaanza kugongana.

"Za njaa je, mzee?"

"N-nzuri."

"Za baridi?"

"N-n-njema."

"Na hii theluji, mnaionaje huko?"

"T-tunashukuru. Haina n-neno."

Hapo Watasema akakaa kitako kwenye theluji, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ah, nimefurahi," akasema. "Maana moyo ulishaniruka, nikadhani umekuja kwa shida. Waliomo humu wote wamekuja na shida. Pimbi shimo limejaa. Nungunungu hajala tangu jana. Lakini wewe, nyumbani kuzuri, pango salama, njaa nzuri, baridi njema, theluji haina neno. Nikikutoa kwenye mema yote hayo nikuingize kwenye chumba cha moshi, ukachomwe miiba, watu si watanilaumu? Rudi kwenye mema yako, mzee wangu. Uwasalimie sana."

Fisi akafungua mdomo. Alitaka kusema kwamba si kweli, hali ni mbaya, hajala siku nne, na paa la pango liko juu ya kitanda. Lakini atasemaje? Kashajibu nzuri zaidi ya mara kumi. Aseme sasa kwamba alikuwa akimdanganya mwenyeji mlangoni pake?

"Lakini..." akasema.

"Lakini nini? Kuna tatizo?"

"Hapana," akasema Fisi, maana tukiulizwa hivyo ndivyo tunavyojibu. "Hakuna tatizo."

"Basi karibu tena siku nyingine."

"Asante. Nimeshakaribia."

Akageuka, akaenda zake kwenye theluji. Alicheka njia nzima, kuonyesha kwamba hakuna tatizo. Na tangu siku hiyo fisi hucheka hata akiwa na njaa.

Watasema akabaki peke yake mbele ya mlango. Miguu ilikuwa migumu kama vijiti. Gunia hana, bakuli hana, nafasi hajui kama anayo. Na kwa mara ya kwanza maishani ikabidi alitumie lile neno la nje.

"Hodi," akasema.

Ndani, kimya.

"Msijibu," akanong'ona Baba Tumpe. "Huyo ni Fisi. Kashamla mbwa, sasa anatumia sauti yake."

Tumpe akaanza kulia. Mama yake akamziba mdomo.

"Hodi," akasema Watasema mara ya pili.

Kimya. Moto ulisikika, njegere zilisikika, watu hawakusikika.

Ikabaki moja. Watasema aliujua utaratibu. Akajikusanya, na sauti yenyewe ilikuwa imebaki kidogo.

"Hodi wenye moto."

Baba Tumpe akatikisa kichwa. Lakini Tulipewa alisimama, ndevu nusu zimesukwa na nusu hazijasukwa. Naye alikuwa amelala karibu na mlango wakati zile salamu zinapita, hakuna habari iliyompita.

"Habari za huko nje?" akauliza.

"Nyamaza, wewe mbuzi!" akasema Baba Tumpe.

Nje, Watasema akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mnalijua. Ni lile lile ambalo kila mtu hujibu, na alilisikia kila siku ya maisha yake. Akalitazama. Akatazama na nyayo za Fisi, zinavyopotea kwenye theluji. Akalimeza.

"Mbaya," akasema.

Ndani wakatazamana.

"Mbaya sana, dada Tulipewa. Miguu siisikii. Masikio siyasikii. Naogopa. Mgeni nimemwondoa, lakini kumwita ni mimi niliyemwita, na kosa ni langu."

Hakuna aliyewahi kusikia jibu kama hilo mlangoni. Bibi akatoa kichwa chote nje ya blanketi.

"Huyo si Fisi," akasema Bibi. "Fisi angesema nzuri."

"Karibu," akasema Tulipewa.

Baba Tumpe akamtazama mbuzi. "Unajua anayesema karibu hutoa..."

"Najua," akasema Tulipewa. "Natoa."

Gogo likaondolewa. Watasema akaanguka ndani pamoja na theluji ya kilo nzima. Tulipewa akasogea, akampa nusu ya majani yake makavu, akamwekea ubavu wake wa upande wa moto. Mama Tumpe akafukua kiazi kilichobaki, akakipuliza. Tumpe akamfunga mbwa masikio kwa ncha ya kanga ya mama yake. Nungunungu akasema angempa blanketi lake, ila hana. Paka akageukia upande wa pili.

Theluji ilianguka siku tatu. Siku tatu walikaa ndani, watu wanne na wanyama watano. Walikula njegere, wakala viazi, wakategeana vitendawili, na Bibi akawadanganya majibu. Mwiko ulikwisha. Siku ya nne jua likatoka, Pimbi akaaga, Nungunungu akaaga, na Baba Tumpe akafungua mlango.

"Watasema," akasema, "theluji imekwisha."

"Nimeona, mzee," akasema Watasema, akatoka.

Lakini tangu hapo, kila jioni Tulipewa alipita barazani akielekea zizini, akauliza, "Habari za huko nje?" Siku ya joto Watasema alisema joto, akabaki alipo. Siku ya baridi alisema baridi, wakamfungulia. Hakuulizwa mara mbili.

Na funzo lake? Mafunzo ni mawili, na mimi shule niliacha kabla hawajafika kwenye la tatu. La kwanza: usikaribishe mtu kwenye kiti cha mwenzako, toa chako. La pili ndilo kubwa: ukiwa na shida mlangoni pa watu, iseme shida yako. Ukijibu nzuri, watakurudisha kwenye nzuri yako, na wala hawatakuwa wamekosea.

Ngano imeingia ndani, mlango nimeuegesha. Mwenye yake naye apige hodi, tutamfungulia.

Ila kabla hamjanyanyuka, kuna moja linanikereketa. Nungunungu hakuwepo. Wageni waliopiga hodi siku ile walikuwa wawili tu, Pimbi na Fisi. Nungunungu nimemtia mimi mwenyewe, maana nikileta wawili nyinyi huanza kuniuliza wa tatu yuko wapi.